Vioo Vidogo Vinavyofunguka: Fuata Njia ya Hewa Kabla ya Kukata Gari la Kale

Januari ikiingia Nairobi, wenye magari ya kale ya spoti huanza kuulizana swali lile lile: nikiweka vioo vidogo vya pembeni vinavyofunguka, gari litapoa? Jibu ni ndiyo, lakini lina masharti, na masharti hayo ndiyo husahaulika pale mtu anapompelekea fundi wa bodi picha ya gari linalofanana na lake na kumwambia, "Nataka hivi." Fundi anawasha grainda. Masika yakifika, maji yanachuruzika ndani ya nguzo za bodi zinazobeba paa, kutu inaanza mahali ambapo kwa miaka hamsini hapakuwa na kutu, na joto bado liko pale pale.

Naandika kwa urefu kwa sababu magari haya hayaundwi tena, na kila tundu linalotobolewa pasipofaa ni hasara isiyorudi. Naandika pia kwa sababu jambo lenyewe linaeleweka vizuri likifunguliwa fundo moja baada ya jingine. Fundo kubwa ni hili: watu hudhani kioo kidogo kiliwekwa ili kuingiza hewa, ilhali katika magari mengi kazi yake yenye faida zaidi ni kuitoa. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yanajipanga yenyewe: ukate wapi, usikate wapi, na pengine usikate kabisa.

Kwanza tutenganishe aina mbili ambazo huchanganywa. Kuna kile kioo cha pembe tatu kilicho mbele ya mlango, karibu na kioo kikubwa cha mbele. Kinazunguka kwenye mhimili uliosimama wima, kwa hiyo ukikisukuma, ukingo wake wa mbele unaingia ndani ya gari na wa nyuma unatoka nje. Aliyewahi kupanda Beetle au Kombi ya zamani anakijua. Halafu kuna kioo cha nyuma ya mlango, kile mafundi wetu wanachokiita kota glasi, kilicho kati ya nguzo ya mlango na nguzo ya nyuma. Hiki kikiwa cha kufunguka, bawaba zake huwa upande wa mbele, na ukingo wa nyuma husogea nje sentimita chache tu ukishikiliwa na komeo. Vyote viwili ni vioo vidogo, vyote vinafunguka, lakini kazi zake na ugumu wa kuviweka ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kile cha mbele kilienea baada ya General Motors kukiweka kwenye magari yake ya mwaka 1933, kupitia kampuni yake ya bodi, Fisher. Kwa miaka thelathini hivi kilikuwa jambo la kawaida karibu kila mahali. Kisha mwishoni mwa 1964 Ford ya Uingereza ikalipa gari lake la Cortina mfumo mwingine: matundu ya hewa kwenye dashibodi, na sehemu za kutolea hewa nyuma ya vioo vya pembeni. Wengine wakafuata njia hiyo. Chevrolet Camaro ya 1967 ina vile vioo vya pembe tatu milangoni, na ya 1968 haina, ingawa kwa mbali utasema ni gari lile lile. Upande wa magari ya spoti tunayoyaona hapa, MGB ilitoka 1962 ikiwa na vioo vya mbele vinavyofunguka, na MGB GT ilipokuja 1965 ikaongezewa vya nyuma vyenye bawaba. Jaguar E-Type ya paa gumu ya 1961 haina vya mbele, ila kota zake za nyuma zinafunguka. Porsche 911 za mwanzo zilikuwa na vya mbele vinavyofunguka, baadaye vikafungwa daima, na vya nyuma vilikuwa kitu ambacho mnunuzi aliweza kuagiza kwa kuongeza pesa. Datsun 240Z, gari lililojichimbia mizizi katika nchi hii tangu liliposhinda Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, vioo vyake vya nyuma havifunguki.

Katika historia hiyo kuna somo ambalo mwenye grainda hulikosa. Gari lililotoka kiwandani bila vioo hivi kwa kawaida lilipewa njia nyingine ya kutolea hewa. Njia hiyo haionekani kwa urahisi: inaweza kuwa nyufa zilizofichwa kwenye nguzo ya nyuma, au mfereji chini ya urembo wa krome. Na baada ya nusu karne, mara nyingi imezibwa. Aliyepaka rangi upya aliijaza masi ya kusawazishia bodi, aliyeweka kapeti mpya aliifunika kwa gundi, aliyepambana na kelele aliibandika lami juu. Gari linakosa pumzi, mwenyewe anadhani liliundwa vibaya. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kifaa zaidi ya tochi na uvumilivu: tafuta hewa ya gari lako iliundiwa kutokea wapi, uone kama bado inatoka.

240Z ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Zile za kwanza zilikuwa na matundu ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Mwaka 1971 Datsun wakayahamisha hadi kwenye nguzo za nyuma, pale penye ile nembo ya mviringo yenye herufi Z. Mtu anaweza kudhani ni urembo tu umebadilishwa. Lakini fikiria gari likiwa mbioni. Nyuma yake kabisa hewa inajisokota, presha inashuka, na moshi wa ekzosi unazungukazunguka pale pale. Tundu lililo sehemu hiyo linaweza kuurudisha moshi ndani, na wenye zile za mwanzo wanaijua harufu yenyewe. Pembeni mwa gari, juu, hewa inapita kwa kasi na ni safi. Sentimita chache za umbali zinaweza kutenganisha gari linalopumua vizuri na gari linalokuumiza kichwa.

Sasa tuione hewa yenyewe inavyofanya kazi. Gari linapokwenda, linaisukuma hewa iliyo mbele yake, na presha inapanda kwenye pua ya gari na chini ya kioo kikubwa cha mbele, pale pembe ya boneti inapokutana na kioo. Ndiyo maana wabunifu wengi huweka mdomo wa kuingizia hewa hapo. Hewa hiyo ikishazunguka nguzo za mbele inapita kwa kasi pembeni, na presha pembeni hapo inakuwa ndogo kuliko ya ndani ya gari. Tundu lolote lililo pembeni, likiwa limefunguka kuelekea nyuma, litavuta hewa ya ndani kuitoa nje. Kota ya nyuma yenye bawaba mbele hufanya hivyo hasa, na haiwezi kufanya vingine: ukingo wake uko wazi upande wa nyuma, hivyo hewa haina namna ya kuingilia kwa nguvu.

Kioo cha pembe tatu cha mbele ni kijanja zaidi, kwa sababu kina kazi mbili kutegemea umekizungusha kiasi gani. Ukikifungua kidogo, ukingo wa nyuma uliotoka nje unaisukuma hewa mbali na mlango, na nyuma yake panabaki presha ndogo. Hewa ya ndani inavutwa kupitia hapo. Moshi wa sigara enzi zile ulitokea hapo, na ukungu wa kwenye kioo wakati wa mvua unaondoka kwa njia hiyo hiyo. Ukikizungusha kupita nyuzi 90, kinageuka: upande uliokuwa nyuma unaelekea mbele, unaikinga hewa na kuitupa ndani, moja kwa moja kifuani mwa dereva. Raha yake ni kubwa. Wengi wanaotaka kuongeza vioo hivi wanaikumbuka raha hiyo kutoka gari la baba au la mjomba.

Hapa ndipo penye mtego. Chukua chupa tupu, weka mdomo wako kwenye shingo yake, upulize: hewa inarudi usoni pako. Gari lililofungwa nyuma hufanya vivyo hivyo. Utapata upepo mkali unaokupiga shavu, lakini hewa ya moto iliyojaa chini ya paa haisogei, kwa sababu haina pa kutokea. Ukitoa upenyo nyuma, hata mdomo mdogo wa kiwandani chini ya kioo cha mbele unaanza kupitisha hewa nyingi kuliko ulivyowahi kuujua. Kuna faida nyingine pia. Ule mtikisiko mzito unaopiga masikio pale unapoteremsha kioo kimoja tu cha mlango hupungua ukiwa umefungua kota kidogo, maana presha ya ndani imepata pa kupumulia.

Nairobi ina mambo yake ambayo maelezo ya Ulaya na Marekani hayayagusi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kwa mwendo ule ule, msukumo wa hewa hapa ni mdogo kwa kiasi hicho hicho. Tuko pia nyuzi moja na ushee tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linapiga paa na kioo cha nyuma kilicholala, zaidi ya vioo vya pembeni. Kwenye gari la mgongo wa kuteremka kama MGB GT au 240Z, joto linajikusanya juu, nyuma ya vichwa vya abiria. Pale pale ndipo kota za nyuma zilipo. Hata gari likiwa limeegeshwa kivulini, kota zikiachwa wazi kidogo, joto lile la juu hupata pa kutokea.

Lakini jambo zito kuliko hayo ni mwendo. Msukumo wa hewa unategemea mraba wa kasi: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 40, unabaki na robo tu. Ukisimama, unabaki na sifuri. Mtu ambaye gari lake linaishi kwenye msongamano wa Uhuru Highway na Mombasa Road, kioo kidogo hakitamsaidia kitu saa ambazo anateseka zaidi. Huyo anahitaji feni nzuri kwenye mfumo wa hewa, nyingi za zile za zamani zikiwa zimechoka mota. Yule anayetoka Jumapili kuelekea Naivasha, au kuteremka kutoka Kiserian hadi Magadi ambako joto linaongezeka kadiri unavyoshuka, huyo kioo kitamfaa sana. Kabla ya kumwita fundi, jiulize kwa ukweli gari lako linatembea wapi.

Jiulize pia joto linatoka wapi. Nimeona magari yakitobolewa kwa sababu ya joto ambalo chanzo chake kilikuwa vali ya hita. Kwenye MGB vali hiyo imekaa ubavuni mwa kichwa cha injini. Ikichoka, haifungi sawasawa, na maji ya moto yanazunguka kwenye redieta ndogo ya hita mwaka mzima, Julai na Februari. Unaendesha na jiko miguuni bila kujua. Kwenye 911 ya injini ya kupozwa na hewa, joto la ndani hutolewa kwenye mabomba ya ekzosi, na vile vifuniko vinavyotakiwa kulizuia vikikwama, linaingia tu. Kwenye gari lolote la zamani, angalia ukuta ulio kati ya injini na miguu yako. Kila waya na kebo inayopita pale ilikuwa na raba yake, na nyingi zimekauka zikaanguka. Angalia mfuko wa ngozi wa gia. Angalia kama chini ya kapeti kuna kizuizi cha joto au ni chuma kitupu. Matengenezo haya hayahitaji kukata kitu, na pengine yatakuondolea nusu ya shida.

Ukishayafanya yote na bado unataka vioo, ushauri wangu ni wa wazi: anza na vya nyuma, na vya mbele viache isipokuwa gari lako lilikuwa na ndugu wa familia ile ile aliyetoka navyo kiwandani.

Sababu ni kazi yenyewe. Kioo cha pembe tatu cha mbele hakijisimamii. Kinahitaji mwamba wa wima unaokigawa na kioo kikubwa, na mwamba huo unashuka hadi ndani kabisa ya mlango. Kioo kikubwa sharti kiwe kifupi kuliko ulicho nacho, njia yake ya kupandia ihamishwe, na mashine ya kukipandisha irekebishwe ili isikivute upande. Mhimili wa chini una springi na nati ya kukaza ndani ya mlango, ili kioo kikae pale ulipokiacha hata upepo ukikisukuma. Kwenye mlango usio na fremu juu, hapo umeingia katika kuunda mlango mpya. Mtu mwenye Camaro ya 1968 anaweza kutafuta milango ya 1967. Mwenye 911 anaweza kutafuta fremu za zile za mwanzo. Mwenye gari ambalo halikuwahi kuwa navyo katika aina yoyote, naomba asijaribu. Matokeo yake huwa mlango unaopiga kelele, unaovuja, na usioweza kurudishwa ulivyokuwa.

Kota ya nyuma ni habari nyingine. Kwenye magari ya miaka ile, kioo kisichofunguka kimeshikwa na raba tu, hakijagandishwa kwa gundi kama vya magari ya leo, kwa hiyo hakibebi uzito wowote wa bodi. Unaweza kukitoa bila kulidhoofisha gari. Unabaki na tundu ambalo tayari lipo, na swali linakuwa jinsi ya kulijaza kwa kioo chenye fremu, bawaba na komeo.

Kabla ya kuagiza chochote, fanya jaribio ambalo halina gharama. Toa kioo kimoja cha nyuma pamoja na raba yake. Kata kipande cha plaiwudi nyembamba chenye umbo la tundu, kifunge kwa tepu pana upande wa mbele ili tepu iwe bawaba, na nyuma ukizuie kwa kijiti kikae wazi sentimita tatu hivi. Ndani ya gari, bandika nyuzi za sufi zenye urefu wa kidole: chache kwenye paa, chache ukingoni mwa tundu, nyingine karibu na mlango wa buti na miguuni mwa dereva. Chukua mwenzako akae kando, mwende Southern Bypass Jumapili asubuhi kabla malori hayajawa mengi, mkimbie kilomita 80 kwa saa. Dereva aangalie barabara, mwenzake aangalie nyuzi.

Uzi wa ukingoni ukivutwa nje na kukaa pale bila kuyumba, tundu linatoa hewa. Nyuzi za paani zikielekea nyuma taratibu, hewa ya ndani inatembea. Zikining'inia, ujue mbele hakuna panapoingiza, na kioo cha nyuma peke yake hakitafanya muujiza. Ila uzi wa kuangaliwa kuliko yote ni ule wa mlango wa buti. Ukionekana unapulizwa kuja ndani, una hatari mkononi: raba ya buti au ya taa za nyuma imekufa, na ukifungua kota utakuwa unavuta moshi wa ekzosi kuuingiza ndani ya gari. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Raba za nyuma zibadilishwe kwanza, na ekzosi ikaguliwe viungo vyote. Hapa sina nafasi ya kulegeza. Usiweke kota zinazofunguka kwenye gari ambalo nyuma yake inavuja.

Vumbi linafuata kanuni hiyo hiyo, na anayeendesha kwenye murram atalitambua haraka. Nyuma ya gari ndiko kuna wingu. Ukifungua kota peke yake, presha ya ndani inashuka kuliko ya nje, na vumbi linatafuta kila ufa wa kupenya. Ukifungua njia ya mbele na kufunga nyuma, presha ya ndani inapanda na vumbi linasukumwa nje. Magari ya rali yana mdomo wa hewa juu ya paa kwa sababu hiyo: pamoja na kumpoza dereva, yanajaza hewa ndani ili vumbi libaki nje. Kwa hiyo ukitoka kwenye lami, funga kota. Ukirudi, fungua.

Nyuzi zikikupa jibu zuri, tuje kwenye kioo. Hapa watu hupoteza pesa kwa kutojua jambo moja. Kioo cha pembeni cha magari haya kwa kawaida kimetiwa nguvu kwa joto, na kioo cha aina hiyo hakikatwi, hakisagwi ukingo wala hakitobolewi baada ya kutoka tanuruni. Drili ikikigusa, kinasambaratika chote kuwa punje. Na kwa kuwa fremu na raba vinakula nafasi, kioo kinachofunguka huwa kidogo kuliko kile cha asili. Maana yake kioo chako cha zamani hakitatumika. Una njia tatu. Ya kwanza, na bora, ni seti kamili iliyotengenezwa kwa gari lako au la ndugu yake. Kwa MGB GT, 911 na hata Beetle vipuri hivi bado vinatengenezwa ng'ambo. Ya pili ni kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, cha aina ya kioo cha mbele, ambacho fundi mwenye mkono mzuri anaweza kukikata kama umbo lake ni bapa. Ya tatu ni kupima, kutoboa na kusaga kwanza, kisha kupeleka kitiwe nguvu. Plastiki ngumu ya uwazi ni rahisi kukata, lakini jua letu huipa umanjano na kuifuta kila mara huikwaruza. Inafaa kwa jaribio na kwa gari la mashindano, haifai kwa gari unalolipenda.

Bawaba ndizo zinazogusa bodi. Zinakaa kwenye nguzo ya mlango, mbele ya kioo, na gari ambalo halikuwa nazo linahitaji matundu mapya pale. Nguzo hiyo imeundwa kwa mabati mawili au matatu yaliyoweldiwa pamoja, na ndani yake ni mfereji mtupu. Toboa bati la nje tu. Tundu lisizidi unene wa skrubu kwa zaidi ya unywele. Futa vyuma vyote vya kusagika, maana punje moja iliyobaki ndani ya nguzo huanza kutu yake yenyewe, kisha paka praima yenye zinki kwenye ukingo uliokatwa, rangi juu yake, na mwisho nta ya kuzuia kutu inyunyizwe ndani ya mfereji. Fundi anayekwambia rangi inatosha hajawahi kufungua nguzo ya gari la umri huu. Bawaba zenyewe, kama umezikosa, mafundi wa leithi wa Kariobangi Light Industries wanaweza kuzichonga kwa shaba ukiwapelekea mfano. Kuhusu raba, Kirinyaga Road utapata za mita za maumbo mengi. Chagua laini yenye uwazi katikati, inayobonyea ukiiminya, usichukue ngumu kwa sababu inaonekana imara.

Komeo nalo lichaguliwe kwa uangalifu, na hili ni jambo la Nairobi kabisa. Vioo hivi vidogo vimekuwa mlango wa wezi tangu vilipoanza. Mtu anaingiza bisibisi ukingoni, komeo linaruka, mkono unaingia hadi kwenye kitasa. Tafuta komeo ambalo mkono wake ukisukumwa kupita katikati ya mwendo wake hujibana wenyewe, na kwa vioo vya mbele lenye kitufe cha kubonyeza kabla halijazunguka. Skrubu zake ziwe za kuingilia ndani, zisiweze kufikiwa kutoka nje.

Kazi ikiisha, fungia kipande cha karatasi kati ya kioo na raba, ukivute. Kikitoka bila ubishi, pale hapajabanwa. Zunguka kioo chote namna hiyo kila baada ya sentimita tano, urekebishe bawaba na komeo hadi karatasi ishikwe kila mahali. Kisha mpira wa maji, kuanzia chini kwenda juu, na mtu ndani mwenye tochi. Ukianzia juu hutajua maji yanaingilia wapi. Fanya hivyo kabla ya Machi.

Limebaki suala la uasilia, ambalo wengine hulichukulia kama la wenye fahari tu. Africa Concours d'Elegance, mashindano ya uzuri wa magari yanayofanyika Ngong Racecourse, waamuzi wake hukagua gari hadi chini ya sakafu, na wanunuzi wa magari ya kale hukagua zaidi ya waamuzi. Kota za kiwandani zilizowekwa kwenye gari la aina yake hazina aibu yoyote, na wengi huzihesabu kuwa nyongeza njema. Zilizobuniwa gereji, hata zikiwa nzuri, zinahitaji maelezo. Kwa hiyo weka njia ya kurudi. Piga picha nguzo kabla na baada ya kutobolewa, rula ikiwa kando. Andika vipimo vya kila tundu. Vioo vya asili vifunge kwenye blanketi, kila kimoja kikiandikwa upande wake, pamoja na raba zake za zamani hata kama zimepasuka, kwa sababu umbo lake ndilo atakalohitaji atakayetengeneza mpya. Mpe habari mthamini wa bima pia, ili kioo kikivunjwa usiambiwe kwamba gari la aina hiyo halikuwahi kuwa nacho.